Kitabu Kinene Kwanza

Ukiketi kwenye kigoda cha Angélique, pale Nyakasanza, mtaa wa Bunia, unaulizwa mambo mawili: unataka kusukwa vipi, na unataka hadithi ya namna gani. Mteja mgeni hucheka akidhani anataniwa. Angélique hatanii kazini. Mistari sita ya kurudi nyuma ni saa mbili, na saa mbili zinatosha hadithi ya mlango: mtu anapita nyuma ya maporomoko ya maji, anatokea nchi nyingine, anapigana kidogo, anarudi kwao na kukuta chai yake bado ya moto. Lakini rasta ndogo ndogo za meshi, nywele za dukani, ni siku nzima, na siku nzima ndiyo inayomtosha mtoto aliyechaguliwa. Mtoto huyo lazima kwanza akatae, kisha akubali, kisha mwalimu wake afe, kisha alie, na hapo ndipo apewe upanga.

"Nikimupatia upanga mbele ya saa sita," Angélique huwaambia wanaomharakisha, "saa tisa tutabaki tunaangaliana."

Mimi naitwa Mathieu, natengeneza simu. Meza yangu imepakana na kibanda chake na kati yetu ni turubai moja, nalo limetoboka. Kwa hiyo kwa miaka minane nimesikiliza hadithi ambazo sikuziomba. Mimi ni mtu wa vifaa. Ukiniambia chombo kimeruka kwenda nyota ya mbali, nataka kujua kinatumia nini, na kikizimika njiani ni nani anakifungua. Niliwahi kuuliza hivyo kupitia turubai, na wanawake wanne wakanizomea kwa pamoja. Tangu siku hiyo nanung'unika kimyakimya, isipokuwa ninaposahau.

Angélique alizaliwa Bambu, baba yake akichimba dhahabu, akasomeshwa na masista mpaka wakamchosha. Alichobaki nacho kutoka kwa masista ni Kifaransa kizuri na tabia ya kuvika vitabu nguo. Vitabu anavipata kwa Gaspard, muuza nguo kuukuu. Gaspard analeta mabalo yake, marobota ya mitumba, kutoka Ariwara, na ndani ya balo, katikati ya makoti ambayo hakuna mtu wa Bunia atakayeyavaa, mara nyingine kunakuwa na vitabu. Gaspard hana haja navyo. Angélique anavisoma alfajiri kabla ya soko kuamka, kwa Kifaransa, na mchana anavitoa kwa Kiswahili huku vidole vikikimbia.

Wanawake wa mtaa hawajui majina ya waandishi na hawayaulizi. Wanajua aina. Mireille, muuguzi, anapenda maadui wawili wanaolazimika kusafiri juu ya farasi mmoja. Tangu farasi anapotajwa, Mireille anajua kabisa wale wawili wataishia wapi, na bado kila mara wakifika hapo anapiga makofi na kuharibu mstari. Kuna wanaopenda siku inayojirudia, mtu anaamka kila asubuhi ni Jumanne ileile mpaka ajirekebishe. Kuna mzee mwenye ndevu ambaye lazima afe; huyo kila mtu anamlilia, na hakuna anayetaka hadithi isiyo naye. Na kuna chuma chenye roho, mashine inayotaka kuwa mtu. Hiyo ni yangu. Sijawahi kuiomba kwa mdomo, lakini Angélique akiianza, mimi huzima feni ya kupozea solda ili nisikie vizuri.

Jambo moja Angélique halitoi: sura ya kwanza. Ya kitabu chochote. Anaiita sura ya mbuzi. Anasema katika vitabu hivi sura ya kwanza ni kijiji tu, mbuzi wanakamuliwa, supu inachemka, hakuna upanga, hakuna mlango, na mteja akikosa shauku anaanza kutikisa kichwa. Kwa hiyo anaruka na kuanza pale mambo yanapoharibika.

Sasa nieleze kosa lililotokea, maana ni kosa ambalo angelifanya mtu mmoja tu hapa mjini.

Mwaka jana Gaspard alifungua balo akakuta vitabu vitatu vya namna moja: jina lilelile juu, sura ya msichana yuleyule, rangi tofauti. Akamletea. Angélique akafurahi mpaka akaimba. Siku hiyohiyo, bila hata kutazama migongo yake, akavivika karatasi ya kaki, kama masista walivyomfundisha: unakunja pembe, unapaka gundi, na ukurasa wa mbele kabisa unaubandika na kaki ili jalada lisivunjike. Kisha akachukua kalamu akaandika juu yake moja, mbili, tatu. Alivipangaje? Kwa unene. Kwao walikuwa watoto tisa, na sahani ilianzia kwa mkubwa. Kitabu kinene zaidi kikawa cha kwanza, chembamba kikawa kitinda mimba.

Mteja wa vitabu hivyo alikuwa Mama Charlotte.

Mama Charlotte alikuja Bunia miaka sita iliyopita kutoka upande wa Djugu, wakati vijiji vyao vilipokuwa vikikimbiwa kwa vita. Alifika na watoto wanne na sufuria moja. Baba yake mzee alibaki nyuma, na hakuna aliyemzika. Hilo alilisema siku moja tu, mara moja, na Angélique hakumwuliza tena. Mama Charlotte alikaanga mikate kando ya njia, akalea wanawe, na kila baada ya wiki tatu alikuja kusukwa. Ana kichwa kigumu, nywele nene, na kicheko cha kuangusha chupa mezani kwangu.

Kwake Angélique alianza kitabu namba moja. Mara moja tukajikuta vitani. Msichana Saniel ni malkia mtarajiwa, jiji limezingirwa, na mzee Orvan, mwalimu wake mwenye ndevu, anakufa langoni na taa mkononi ili wengine wapite. Tulilia. Nasema tulilia, na sitarudia. Kulikuwa pia na mtu wa chuma ambaye wanawake walimpa jina la Bidon, yaani dumu, mwenye kusema kwa busara kuliko watu wote, na mwishoni ni yeye aliyepanda mnara na kupiga kengele ya amani. Kila Mama Charlotte alipoketi, nilizima feni.

"Mbona inaanza katikati ya vita?" Mama Charlotte aliuliza.

"Njo kawaida yabo," Angélique akajibu. "Bazungu banapenda kukutupa mu maji kwanza."

Kisha ukaja namba mbili. Kurasa tatu tu tangu alipoanzia, Orvan huyo anatembea njiani, anakohoa, anaomba supu. Mama Charlotte aliinuka kwenye kigoda na meshi zikining'inia upande mmoja, akaenda mpaka barabarani, akarudi.

"Anaishi?"

"Anaishi."

"Muzee Orvan? Ule alikufaka na taa?"

"Eh. Hii ni ya kurudi nyuma," Angélique akasema kwa uhakika wa mtu aliyesoma vitabu mia mbili. "Nazijua. Saa inageuka, bale balikufaka banarudi."

Unaona ubaya wa kujua sana? Mtu asiyejua kitu angesema hapa pana kosa. Angélique alikuwa na jina la kila ajabu. Saniel hana taji tena? Ni malkia aliyefanywa asahau, aina hiyo ipo. Vita bado havijaanza? Saa inazidi kurudi. Alilichukua kila jambo akaliweka mahali pake, na sisi tukafuata. Mama Charlotte alikaanga mikate siku hiyo akiimba, akampa kila mteja mmoja wa nyongeza, na alipoulizwa kuna sherehe gani akasema kuna muzee amerudi.

Mimi nilikuwa na uchungu wangu. Kadiri tulivyosonga, Bidon alikuwa anapoteza maneno. Katika namba mbili alisema kwa shida. Katika namba tatu alikuwa amelala shambani, ana kutu, ndege wameweka kiota kifuani. Nilikasirika siku tatu. Niliwaambia kupitia turubai kwamba nchi yenye wachawi wote wale imekosa fundi mmoja. Hawakunizomea, hata wao iliwauma.

Ndipo mwezi huu Mama Charlotte akaja na habari. Watu wa kijiji chao walikuwa wameanza kurudi, mdogo wake ameshajenga, na yeye Jumamosi anapanda gari na wanawe.

"Vendredi nakuja, unisuke rasta ndogo ndogo, za safari," akasema, akimaanisha Ijumaa. "Na unipatie mwisho. Siwezi kuenda kwetu bila mwisho, Angé. Mwaka muzima nimekaa hapa chini!"

"Utaupata," Angélique akasema. "Ntakupatia mpaka nukta."

Zilikuwa zimebaki kurasa sitini za namba tatu. Jumatano asubuhi nilifika nikamkuta ameshazimaliza. Alikuwa amesimama, kitabu mkononi, amenuna kama mtu aliyeuziwa samaki wa Tchomia aliyekwisha kuoza.

"Papa Mathieu, hii kitabu ni muizi!" akaniambia. "Mutoto anaaga mama yake, anafungua mulango mu jiwe, anaingia. Basi! Imeisha! Hakuna vita, hakuna kengele, hakuna kitu!"

Akakitupa juu ya meza yangu, katikati ya simu za watu. Kaki ikapasuka mgongoni. Mimi nikachukua gundi, maana huwa namsaidia, na nilipoinua karatasi nikaona chini yake maandishi ya dhahabu: *Tome 1*, yaani kitabu cha kwanza.

Nilikisoma mara mbili. Kisha nikamwomba vile vingine viwili, nikachukua wembe wangu wa simu na kupasua kaki taratibu. Kile kinene, alichokiandika moja: *Tome 3*.

"Angélique," nikasema, "weye ulisoma hii kitabu kama mutu anavaa suruali kwa kichwa."

Aliangalia. Akaangalia tena. Akakaa juu ya kigoda cha wateja, ambacho yeye hakikalii kamwe. Na mimi, Mungu anisamehe, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa la furaha yangu mwenyewe.

"Basi Bidon hakuharibika!" nikasema. "Alianzia mu kutu, banamutengeneza, anajifunza kusema, anapiga kengele! Kuko fundi! Nilisema kuko fundi!"

"Na Orvan?" akaniuliza.

Hapo nikaweka wembe chini. Orvan hakurudi. Orvan alikuwa hai, halafu akafa langoni, na hakukuwa na saa yoyote iliyogeuka.

"Mama Charlotte nilimupatia mwisho mwaka jana," Angélique akasema. "Sina ingine. Vendredi nitamupatia nini?"

Nilimshauri atunge. Mtu anayejua aina zote anashindwaje kutunga mwisho mmoja? Mlango umefunguka, ng'ambo yake yuko Orvan na supu, wote wanakumbatiana, safari njema. Angélique alinitazama kwa hasira ya kweli.

"Kwa kigoda yangu nimekosea, sawa. Lakini wongo sijawahi kumusemea mutu nikiwa nimemushika kichwa. Na ule mama, sitaanzia naye."

Ijumaa Mama Charlotte alifika mapema na mikate ya moto kwenye kitambaa, mikate yake ya mwisho Bunia. Alitugawia sote, hata mteja wangu aliyekuja kudai simu. Akaketi. Angélique akagawa nywele, akaanza nyuma ya shingo. Hadithi haikuanza. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikaanza, na mimi nilikuwa nimefungua simu moja mara tatu bila kuifanya kitu.

"Angé, uko mugonjwa?"

"Apana, Mama."

"Basi iko wapi mwisho yangu?"

Angélique akaacha kusuka. Na huyo ni mwanamke anayesuka hata mvua ikivuja. Akapita mbele, akachutama ili waonane uso kwa uso, akasema yote. Kinene, chembamba, kaki, masista, watoto tisa na sahani yao. Kwamba mwisho ni kengele ya Bidon, ule waliousikia mwaka jana. Kwamba hakuna saa iliyorudi nyuma.

"Muzee Orvan alikufa, Mama. Alikufa tu. Unisamehe."

Mama Charlotte alitazama barabara, pikipiki zikipita na vumbi. Mimi niliogopa. Ningekuwa na mahali pa kujificha zaidi ya turubai lenye tundu, ningejificha.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kwanza ndani kwa ndani, halafu kikatoka kile kicheko chake chote, chanuo kikaruka, meshi zikamwagika, na chupa yangu ya spiriti ikaanguka kweli.

"Kinene kwanza!" alipiga kelele. "Mungu yangu! Juu ya sahani ya bugali! Na miye nilifurahisha mutaa muzima na mikate ya bure, muzee amerudi, muzee amerudi!"

Angélique naye akacheka, machozi yakimtoka, nami nikacheka, na mteja wangu akacheka bila kujua anacheka nini. Ilichukua muda mpaka tukapata pumzi. Mama Charlotte akajipangusa macho kwa kitenge chake.

"Sikia," akasema, sasa kwa upole. "Kufa, najua alikufa. Miye siko mutoto. Lakini mu kitabu yabo, unamupenda, kiisha unamupoteza. Mu kitabu yetu tulianza kumupoteza, kiisha tukamuona tena, akikohoa, akiomba supu. Hiyo sirudishe. Umesikia? Sirudishe."

"Ubaki nayo, Mama."

"Sasa kichwa haijaisha, na siye hatuache kichwa nusu. Ni fasi gani ya kitabu haujanisomea?"

"Nimemaliza zote tatu."

"Zote?"

Angélique akasita. "Kunabaki sura ya mbuzi. Ya hii nyembamba, mwanzo ya zote. Lakini haina kitu, Mama. Ni kijiji tu."

"Kijiji tu," Mama Charlotte akarudia. Akajiweka sawa kwenye kigoda, akanyoosha shingo. "Nipatie."

Angélique hakuwa ameisoma kabisa, kwa hiyo ilibidi kitabu kiletwe, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, mimi ndiye niliyekishika. Nilivuka turubai, mara ya kwanza kwa miaka minane, nikasimama na kitabu wazi mbele ya uso wa Angélique, nikifungua kurasa kila alipotikisa kidevu. Alisoma kimoyomoyo Kifaransa na kutoa Kiswahili taratibu, na vidole havikusimama.

Hakukuwa na upanga. Mama anakamua mbuzi na kumtaja kila mmoja kwa jina. Kuna mashamba matatu na kila moja lina jina pia, la chini kijitoni, la babu, la mawe. Jirani anakuja kuazima moto na anakaa sana. Shambani kuna chuma kikuukuu chenye kutu ambacho watoto wanakipanda. Hapo mimi nilikohoa. Mzee mmoja mwenye ndevu anapita njiani, mgeni, anaomba supu, anapewa. Jua linaelekea kuzama, mama anasimama mlangoni anaita watoto, mmoja mmoja, na kila anayeitwa anaitika. Wote wanaingia. Wanakula.

Mama Charlotte alikuwa amefumba macho. Mara moja tu alifungua mdomo, pale kwenye majina ya mashamba, akataja kwa sauti ndogo majina mawili ambayo hayakuwa kitabuni. Hatukumwuliza.

Jioni rasta ya mwisho ilimalizika pamoja na ukurasa. Angélique akachovya ncha kwenye maji ya moto, akazifuta, akampa kioo. Mama Charlotte hakujitazama.

"Njo hii," akasema. "Hii njo mwisho. Funga hiyo kitabu, Papa Mathieu."

Nikakifunga.

Siku hizi wanawake wa Nyakasanza wakitaka hadithi ya Saniel, wanataka kwa mpango wetu: kinene kwanza, na sura ya mbuzi nyuma ya zote. Mireille amejaribu kuomba ipangwe sawasawa, akashindwa kwa kura. Angélique amevivika upya vitabu vile, kaki mpya, na namba zilezile. Mimi peke yangu naruhusiwa kusoma kwa mpango wa fundi, wakati wa chakula, ili Bidon apone.

Jumanne iliyofuata simu yangu ililia. Mtandao ulikuwa mbaya, kuna upepo, kuna kuku, kuna mtu anapiga misumari. Nilimtambua kwa kicheko.

"Papa Mathieu! Angélique iko karibu?"

"Iko anasuka. Nimuite?"

"Apana, umuache na kazi. Umuambie tu kama tulifika. Umuambie tuko mu sura ya mbuzi."